Sensa Inasingiziwa

Mshale wa spidomita ukigoma kupanda kwenye gari la miaka ishirini na ushee, hukumu hutoka kabla boneti haijafunguliwa. "Hiyo sensa, bosi. Kalete nyingine." Mwenye gari wa Dar es Salaam anakwenda Gerezani, wa Nairobi anashuka Kirinyaga Road, na kila mmoja anarudi na kidude cheusi cha plastiki chenye pini tatu, kilichochomolewa kwenye gari lililokwisha kufa. Kinafungwa. Siku nyingine mshale unaamka na fundi anabaki na sifa zake. Siku nyingine haushtuki hata kidogo, na hapo inatolewa hukumu ya pili kwa uhakika uleule wa kwanza: umeuziwa mbovu, kalete nyingine tena.

Hukumu hiyo imezoeleka kiasi kwamba wenye magari wengi hufika gereji wakiwa wameshaitamka wenyewe. Nayo ni mbovu kuliko sensa inayoituhumu. Si kwamba sensa hazifi. Zinakufa: joto la gia boksi hupasua lehemu zake za ndani, sili yake huchoka na oili ikapenya hadi kwenye sakiti, shafti yake hukwama. Lakini kati ya "huwa zinakufa" na "hii imekufa" ipo kazi ya kupima, na hiyo kazi ndiyo inayorukwa. Katika njia yote ya ishara ya mwendo, sensa ndiyo inayoshtakiwa kwanza na kupimwa mwisho, kama itapimwa.

Mazoea haya yana asili yake. Otto Schulze wa Strasbourg alipopata hataza ya spidomita yake mwaka 1902, aliwaachia mafundi wa karne nzima mfumo ambao mhalifu alijitaja mwenyewe. Kebo ya chuma ilitoka kwenye gia boksi hadi nyuma ya dashibodi, ikazungusha sumaku karibu na kikombe cha alumini. Sumaku ilikivuta kikombe bila kukigusa, springi nyembamba ikakizuia, na mshale ukaonyesha nguvu zimefikia wapi. Kebo ikikatika, mshale unalala. Kebo ikikauka grisi, mshale unatetemeka. Kwa hiyo fundi aliyesema "kebo" bila kupima chochote alikuwa sahihi siku nyingi, na hakuna aliyemlaumu. Kebo ilipoondoka kwenye magari, mafundi hawakubadili namna ya kufikiri. Walibadili jina la kitu cha kununua.

Shida ni kwamba sensa haikuchukua nafasi ya kebo peke yake. Chukua Toyota Corolla ya kizazi cha AE110, iliyoanza kuundwa mwaka 1995 na ambayo bado inabeba abiria na mizigo Afrika Mashariki yote. Ndani ya gia boksi kuna gia ndogo ya plastiki inayozungushwa na difu. Gia hiyo huzungusha shafti ya sensa, shafti huzungusha sumaku, na kila mzunguko mmoja hutoa mapigo manne. Sensa ya aina hii haizalishi umeme. Inahitaji kuletewa volti 12 kwa waya mmoja, ule wa chaji, ipewe ethi kwa waya wa pili, na kwenye waya wa tatu kazi yake ni kuvuta volti chini na kuziachia, kuvuta na kuziachia. Volti za waya huo wa tatu nazo hazitoki kwake. Huletwa kutoka upande wa pili, kwenye dashibodi au kwenye kompyuta ya injini, ile mafundi wanayoiita kontrol boksi.

Sasa ihesabiwe orodha ya watuhumiwa: fyuzi, waya wa chaji, ethi, kutu ya kwenye pini, meno ya gia ya plastiki, waya wa ishara uliochunika mahali fulani kati ya injini na dashibodi, lehemu zilizopasuka nyuma ya spidomita, mota ya mshale wenyewe. Na sensa. Anayesema "sensa" bila kupima amechagua mmoja kati ya tisa kwa sababu tu huyo ndiye anayeuzwa dukani akiwa mzima, na bei yake inajulikana.

Ushahidi wa kwanza haugharimu hata shilingi. Upo mbele ya usukani. Katika Toyota nyingi za enzi hizo, fyuzi iliyoandikwa GAUGE hulisha vipimo vyote vya dashibodi. Mshale wa mafuta na wa joto nayo ikiwa imelala, hakuna haja ya kuingia uvunguni. Halafu ziangaliwe namba za kilomita. Kama mshale umekufa lakini kilomita zinaendelea kuhesabiwa, mapigo yanafika, na sensa imetoka mahakamani bila kosa: tatizo liko kwenye mshale au sakiti yake. Mshale unaokata gari likipita kwenye matuta na kurudi barabara ikinyooka unataja soketi au waya uliolegea. Unaokata baada ya nusu saa ya jua kali na kurudi asubuhi unataja lehemu, na lehemu ziko sehemu mbili, ndani ya sensa na nyuma ya dashibodi. Mambo haya dereva anayajua tayari. Mara nyingi hakuulizwa.

Hapa huinuka wale wa kisasa. Wao hawakisii, wanasema, wana mashine. Wanachomeka kwenye soketi chini ya usukani, skrini ya simu inaandika P0500, na wanaigeuza simu ili mteja asome mwenyewe: sensa ya mwendo. Nani atabishana na kompyuta?

Kompyuta haibishaniwi, ila isomwe vizuri. Kodi P0500 inasema kuna hitilafu katika habari za mwendo. Haina uwezo wa kusema zaidi. Kompyuta iliona injini inazunguka kwa nguvu, ikasubiri mapigo, mapigo hayakuja. Waya ukikatwa na panya kodi ni hiyo. Gia ya plastiki ikiisha meno kodi ni hiyo. Kwenye Toyota za zamani zaidi ya hapo hata mashine haihitajiki: kipande cha waya kikiunganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi cha ukaguzi ndani ya boneti, taa ya injini itapepesa mara nne, itapumzika, itapepesa mara mbili. Arobaini na mbili. Maana yake ni ileile: ishara ya mwendo haijafika. Nayo kodi ikikosekana huku mshale umelala, hilo pia ni neno, kwa kuwa huenda kompyuta inapata ishara ambayo dashibodi haiipati. Kumpa mtu dawa ya malaria kwa sababu ana homa ni jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lilitaka likome mwaka 2010, likisema damu ipimwe kwanza. Kodi ni homa, na gereji bado zinagawa dawa.

Kuna mtuhumiwa mmoja ambaye mafundi wetu wangepaswa kumkumbuka kabla ya wote, kwa sababu wamemtengeneza wenyewe. Magari mengi yaliyotumika Japani huja na redio za kule. Masafa ya FM ya Japani yalianzia megahezi 76 na kuishia 90, wakati ya kwetu yanakwenda hadi 108, hivyo redio hiyo inanasa vituo vichache mno. Ramani yake nayo inajua mitaa ya Osaka. Basi inang'olewa mapema na kufungwa nyingine. Ila mifumo ya ramani ya Kijapani huchukua ishara ya mwendo ili ijue gari limetembea umbali gani, na waya wake umegawiwa kutoka kwenye waya uleule unaolisha spidomita. Fundi redio anaukata, haujui, anauacha uning'inie nyuma ya dashibodi. Siku moja unagusa bati. Ukishagusa bati, ishara yote imeshikwa chini kwenye ethi: spidomita inakufa, kompyuta inakosa habari, na uvunguni sensa nzima kabisa inaendelea kuzunguka bila kusikilizwa. Sensa kumi mpya hazitafufua mshale huo. Mkasi na kipande cha selotepu ya umeme vitafanya hivyo kwa dakika chache.

Magari ya abiria yana historia yao. Kanuni zilizopewa jina la waziri John Michuki nchini Kenya, zilizoanza kung'ata mwaka 2004, ziliwabana wenye matatu kufunga vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti lazima kijue mwendo, na njia nyepesi ya kujua ni kujiunga kwenye waya wa sensa. Madereva waliotaka kukidanganya walijua hilo. Waya ukakatwa, ukaungwa, ukafungwa swichi ya siri, ukaungwa tena. Anayenunua leo gari lililowahi kuwa matatu ananunua na viungo hivyo vyote chini ya zulia, na spidomita ikigoma, ni heri akunjue zulia hilo kabla ya kwenda dukani.

Watetezi wa desturi hii wana hoja moja nzito, nayo haifai kupuuzwa. Wanasema: sensa ya mtumba ni bei ndogo, kuifungua ni boliti moja, kwa hiyo kubadilisha ndiko kupima. Ikifanya kazi tumejua. Isipofanya kazi tumejua vilevile.

Wamejua nini? Fundi anapobadilisha sensa anafanya mambo mawili kwa mpigo: anaweka kifaa kingine, na anachomoa soketi na kuichomeka upya. Pini zenye kutu ya kijani zinasuguana, zinang'aa kidogo, umeme unapita. Mshale unaamka, sensa mpya inapewa sifa, ya zamani inatupwa ikiwa nzima. Baada ya mvua za masika mshale unalala tena, na yule aliyesema "umeuziwa mbovu" anasikika tena. Jaribio ambalo linabadilisha vitu viwili halijathibitisha kimoja. Likishindwa nalo halisemi lolote, maana sensa ya mtumba haikupimwa ilipotoka na haikupimwa ilipofika. Huenda mbovu imefungwa mahali pa mbovu, au nzima mahali pa nzima. Anayetaka kubishana ajiulize kwa nini jibu lolote la jaribio hili huishia kwenye ushauri uleule wa kununua.

Kibaya zaidi, sensa zinazofanana kwa macho hazifanani kwa hesabu. Magari ya Kijapani yalirithi kutoka enzi za kebo kipimo cha mizunguko 637 kwa kila kilomita. Kwa mapigo manne kila mzunguko, dashibodi inategemea mapigo 2,548 kwa kilomita moja. Toyota pia ilitumia sensa za mapigo ishirini. Na gia ya plastiki iliyo mwishoni mwa sensa ina idadi ya meno iliyochaguliwa kulingana na difu na tairi la gari lile, si la jirani yake. Weka gia ya meno 33 palipokuwa na ya meno 30 na shafti itazunguka pungufu kwa asilimia 9. Gari likienda 55, mshale unasema 50. Dereva wa Morogoro anapita kwenye kibao cha 50 akiwa na amani moyoni, askari ana tochi yake mkononi, na faini inamsubiri. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidomita inaruhusu mshale uzidishe, hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake, lakini hairuhusu upunguze hata kidogo. Ukarabati wa aina hii umegeuza spidomita iliyokufa, ambayo haimdanganyi mtu, kuwa spidomita hai inayodanganya.

Upimaji wenyewe ni upi basi, unaosemekana kula muda? Uko wa namna mbili, na wote unamalizika kabla chai haijapoa.

Wa kwanza unahitaji drili. Sensa ifunguliwe boliti yake na kutolewa kwenye gia boksi, lakini soketi yake isichomolewe. Tambara liwekwe tayari kwa oili itakayodondoka. Swichi iwashwe bila kuwasha injini, gia ya plastiki ikaguliwe meno yake kwa kidole, kisha shafti izungushwe kwa drili taratibu. Mshale ukipanda, ubishi umekwisha: sensa, nyaya na dashibodi vyote ni vizima, na kosa liko ndani ya gia boksi au kwenye meno hayo. Tena kwa kuwa kipimo ni 637 kwa kilomita, drili inayozunguka mara 637 kwa dakika inapaswa kuuweka mshale kwenye 60. Drili isiyo na namba inatosha kujua hai na mfu.

Usipopanda, ndipo testa inapoingia. Soketi ichomolewe, upande wa gari upimwe. Kati ya waya wa chaji na ethi ziwepo volti 12 au karibu yake. Kati ya waya wa ishara na ethi ziwepo volti pia, takriban 5 kwa magari mengine na hadi 12 kwa mengine. Chaji isipokuwepo ni fyuzi au waya. Ishara isipokuwa na volti, basi waya umekatika au umegusa bati, na hapo akumbukwe fundi redio. Vyote viwili vikiwepo, soketi irudishwe, waya wa ishara uchokonolewe kwa nyuma na ncha ya testa, na gari linyanyuliwe jeki tairi moja la mbele, lile jingine likibaki chini na kuwekewa kigingi. Gia ikiwa huru, tairi lizungushwe kwa mkono polepole. Volti zinapaswa kushuka karibu na sifuri na kurudi juu, kushuka na kurudi. Hapa wengi hudanganyika kwa kusubiri mapigo mengi. Tairi moja likiwa hewani na la pili limesimama, difu huzunguka nusu tu ya mzunguko wa tairi, hivyo mzunguko mmoja mzima hutoa kama mapigo mawili hivi. Mawili yanatosha. Yasipoonekana kabisa, huku chaji, ethi na volti za ishara zipo na gia ya plastiki ina meno yake, sensa imekufa, na safari hii neno hilo lina ushahidi.

Nissan nyingi za miaka hiyo zina mwenendo tofauti. Sensa yake ina nyaya mbili, inazalisha umeme wake mwenyewe wa kupanda na kushuka, na testa inabidi igeuzwe upande wa AC. Kadiri shafti inavyokimbia ndivyo volti zinavyoongezeka. Ishara hiyo inaingia kwanza kwenye spidomita, inasafishwa humo, ndipo inapelekwa kwenye kompyuta ya injini. Kwa hiyo Nissan ikitoa kodi ya mwendo kosa linaweza kuwa nyuma ya dashibodi, na mashine iliyoandika "sensa" inakuwa imekosea kwa umbali wa mita mbili.

Wapo pia wanaosema haya yote hayana maana, gari linatembea hata bila mshale. Linatembea. Katika magari ya otomatiki yanayosubiri ishara ya mwendo kubadilisha gia, linatembea kwa kuvuta gia moja mpaka dereva atukane. Kilomita nazo zinasimama, na muda wa kubadili oili unabaki kwenye kumbukumbu ya mtu.

Kwa nini basi kukisia kunaendelea, ikiwa kupima ni kwepesi hivi? Kwa sababu ya namna tunavyolipana. Mteja hulipa spea na hulipa "ya kufunga". Hakuna mstari wa "ya kupima". Fundi aliyetumia robo saa akagundua waya umegusa bati, akaufunga selotepu, anapewa hela ya soda na kuambiwa hakufanya kitu. Fundi aliyemtuma mteja Gerezani mara mbili analipwa mara mbili. Lawama haiwezi kuishia kwake peke yake. Sehemu yake kubwa inamwangukia mwenye gari anayedhani ufundi uko kwenye spana. Akubali kulipia kupima, na adai kuambiwa volti zilizosomwa kwenye chaji, kwenye ethi na kwenye ishara, kama anavyodai risiti.

Na ikithibitika kwamba sensa imekufa, ya zamani isitupwe kabla ya kwenda dukani. Iende nayo. Meno ya gia yahesabiwe moja baada ya jingine, pini zilinganishwe kwa idadi na mpangilio, namba iliyochapwa ubavuni isomwe. Gia ya zamani ikiwa nzima ihamishiwe kwenye sensa mpya badala ya kuamini iliyokuja nayo, na sili ya mpira ibadilishwe maana bei yake ni ndogo kuliko ya oili itakayovuja. Muuzaji mwenye betri dukani hana sababu ya kukataa kuipima mbele ya mnunuzi: chaji, ethi, kipingamizi kidogo cha kilo-ohmu moja hivi kati ya chaji na ishara, testa kwenye ishara, shafti izungushwe kwa vidole. Mzunguko mmoja, mapigo manne. Akikataa, duka la pili liko hatua chache mbele.